Malenge Matatu Yanayopimika

Nchi yenyewe iko mbali na hapa, mbali kiasi kwamba msomaji akiona mambo yake yanafanana na ya kwao, ajue ni macho tu yamechoka, ayapumzishe kidogo kisha aendelee. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hadi naondoka lilikuwa bado linapitiwa na kamati.

Watu wa nchi ile walipenda sana malengo. Walikuwa na Wizara nzima ya Malengo, Matarajio na Mwelekeo, yenye ghorofa tisa na lifti moja ambayo matarajio yake yalikuwa kufika ya nne. Kila mtumishi wa serikali, kuanzia mlinzi wa geti hadi Katibu Mkuu, alijaza fomu ya malengo matatu ya mwaka, na mwaka ulipokwisha alipimwa kwa hayo aliyoyaandika. Wenye uzoefu walijua namna ya kuijaza. Dereva wa Idara ya Maji ya Wilaya ya Bondeni aliandika, "Kuendelea kuwa dereva," na kila mwaka alipata asilimia mia. Mama Tabia wa ghala aliandika, "Kutunza ghala lililopo," naye akapata mia yake. Mkurugenzi wa idara, Bwana Hamduni Chambuso, aliandika, "Kutoa mwelekeo," na kwa kuwa alijipima mwenyewe, alipata mia na kumi.

Mtu mmoja tu katika idara ile alifanya kosa la kuyaamini malengo, na huyo ni Siwema Mdachi, fundi pampu. Siwema aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na minane, mikono yake ikiwa na alama za spana tangu chuoni, na siku ya kwanza alipopewa fomu alikaa nayo mchana mzima akiiwaza. Kisha akaandika lengo moja kubwa na mengine mawili ya kulisaidia. Lengo kubwa lilikuwa, "Kutengeneza pampu namba mbili." Hiyo ndiyo pampu pekee wilayani, maana namba moja ilikuwa haijawahi kuonekana nje ya ripoti. Namba mbili ilikuwa imesimama tangu kabla Siwema hajaajiriwa, na iliyoisimamisha ni beringi moja tu.

Beringi haikununuliwa. Sheria ya manunuzi ilitaka kifaa kisinunuliwe mpaka kwanza kijaribiwe katika mashine inayofanya kazi. Basi mwisho wa mwaka Siwema alipata sifuri. Mwaka wa pili akaandika lengo lilelile, akapata sifuri ileile. Wa tatu na wa nne hivyohivyo.

Jambo hilo lisingekuwa na uzito kama Siwema angekuwa amethibitishwa kazini. Lakini alikuwa bado mtumishi wa majaribio, na kanuni ilisema majaribio hayazidi miaka mitano. Asipofikia malengo yake matatu katika mwaka wa tano, atakabidhi spana, funguo na buti, aende nyumbani. Na huu ndio ulikuwa mwaka wa tano.

"Mwanangu, andika kitu chepesi," Mama Tabia alimsihi. "Andika kuangalia pampu. Kuiangalia si utaiangalia?"

"Nitaiangalia, Mama, lakini watu hawanywi kuangalia."

Alikuwa mkaidi, sikatai. Lakini alikuwa mkaidi mwenye sababu, na aina hiyo ndiyo humsumbua zaidi mkubwa wa kazi.

*

Waraka wa mwaka ule ulifika Januari, nusu ya mwaka wa serikali ikiwa imekwisha, jambo ambalo kwa nchi ile lilihesabiwa kuwa kuwahi. Ulikuwa Waraka Namba Saba, wenye muhuri wa zambarau na saini ya Waziri mwenyewe. Bwana Chambuso aliitisha mkutano wa watumishi wote, akavaa miwani, akausoma kwa sauti ya kuapishwa.

"Kila mtumishi anaagizwa kuwa na malenge matatu kwa mwaka. Malenge hayo yawe mahususi, yapimike, yafikike, yawe na uhalisia na yakamilike kwa wakati. Malenge ya mtumishi yatokane na malenge ya mkuu wake wa kazi. Msimamizi ayatembelee malenge ya walio chini yake kila robo mwaka."

Alisimama. Akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma kimoyomoyo huku midomo ikicheza.

Siwema akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Mkurugenzi, samahani. Nadhani walikusudia malengo. Aliyepiga chapa amekosea herufi moja ya mwisho."

Bwana Chambuso alivua miwani taratibu. "Siwema, hii saini ni ya nani?"

"Ya Mheshimiwa Waziri."

"Kwa hiyo Waziri hajui kusoma?"

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa."

"Waziri amesoma, ameelewa, ametia saini. Wewe, wa majaribio, ndio umeona kosa. Haya, andika jina lako hapa kwamba umemsahihisha, nikalipeleke."

Siwema hakuandika. Hata hivyo Afisa Utumishi, Bwana Fumbwe, ambaye alikuwa mtu mwangalifu na aliyeweka kalamu nne mfukoni endapo tatu zitagoma, alipiga simu wizarani ili kujiridhisha.

"Waraka unasemaje?" aliuliza mtu wa wizarani.

"Unasema malenge."

"Basi ni malenge."

"Yaani yale ya kupika na nazi?"

Upande wa pili ulifikiri. Kukubali kwamba kuna kosa kulihitaji Fomu ya Kukiri Kosa, na fomu hiyo ilikuwa bado haijachapwa. "Ndugu," ilisema simu, "tekelezeni waraka kama ulivyo."

Na ukatekelezwa. Wiki hiyohiyo Bwana Chambuso alinunuliwa boga kubwa sokoni, likatangazwa kuwa ndilo lenge mama la idara. Lilipasuliwa mbele ya watumishi, kwa makofi, na kwa kuwa malenge ya mtumishi lazima yatokane na ya mkuu wake, mbegu zikaanza kushuka ngazi kwa ngazi. Mkurugenzi alichagua zilizonona, akawapa wakuu wa vitengo zilizobaki. Wakuu wa vitengo wakachagua, wakawapa wasaidizi wao. Wasaidizi nao hawakuwa wajinga. Siwema alipokea mbegu tatu nyembamba kutoka mkononi mwa Bwana Fumbwe, moja ikiwa imeng'atwa na panya, akatia saini kwamba ameyapokea malenge yake na ameyaelewa.

*

Sitaki kumnyima mtu haki yake: kazi ilipata ari ambayo haikuwahi kuonekana. Watu waliokuwa wakifika saa nne walifika saa moja kasoro, majembe begani. Uwanja wa ofisi, pamoja na maegesho na mahali pa kupandishia bendera, uligawanywa vitalu, kila kitalu na kibao cha jina na cheo. Kamati ya Uhalisia ilipita ikigusa majani kuhakikisha hayakuwa ya plastiki. Kamati ya Kufikika ilipima umbali kutoka mlangoni hadi kwenye kila shina. Dereva, ambaye miaka yote lengo lake lilikuwa kuendelea kuwa dereva, aligundua kwamba ana mkono wa kilimo, na akawa anaimba.

Kilichokosekana kilikuwa maji.

Mvua za mwezi wa pili ziligoma. Majani yakalala. Siku ya kwanza watumishi walimwagilia kwa maji ya kunywa ya ofisi, siku ya pili kwa chai iliyobaki, siku ya tatu wakaja na madumu ya akiba ya kutoka kwao, yakaisha, maana kwao pia hapakuwa na maji. Siku ya nne Bwana Chambuso alisimama mbele ya lenge lake lililokuwa limeinamisha shingo, akaagiza Siwema aitwe haraka.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Binti, hebu niambie. Kwa nini hapa hakuna maji?"

"Hapa Idara ya Maji?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nashangaa."

"Pampu ni mbovu, Mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Mimi nina miaka minne na nusu hapa. Niliikuta hivyo."

Bwana Chambuso alishika kiuno kwa uchungu wa kweli. "Miaka minne na nusu! Na unanyamaza? Mbona hukusema?"

"Nimesema kila mwaka, Mheshimiwa. Kwenye fomu ya malengo. Lengo namba moja."

"Ah," alisema Mkurugenzi, na uso wake ukatulia. "Kwenye fomu."

Beringi ilifika siku mbili baadaye. Sheria ya manunuzi haikuvunjwa hata kidogo. Bwana Fumbwe aliinunua katika kifungu cha pembejeo za kilimo, ikaingia kitabuni kama mbolea.

Hapo ndipo Siwema alipobanwa. Nyumba ya pampu ilikuwa mtoni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka ofisini, na pampu iliyolala miaka haiamki kwa beringi peke yake. Kulikuwa na bomba la kunyonyea lililojaa tope, valvu zilizoshikana kwa kutu na mota iliyofanywa makazi na mijusi. Ilikuwa kazi ya majuma matatu, asubuhi mpaka jioni. Na mashina yake matatu yalikuwa ofisini, yakisubiri kumwagiliwa.

Alikwenda kwa Bwana Fumbwe. "Afisa, naomba Mama Tabia animwagilie haya machache mpaka nimalize pampu."

"Haiwezekani, Siwema. Malenge hayakaimishwi."

"Basi nipe siku moja moja ya kurudi."

"Ukirudi, pampu itachelewa, na lenge la Mkurugenzi litakufa. Usipokwenda utakuwa umekataa agizo."

"Na yangu yakifa?"

Bwana Fumbwe alimtazama kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi. "Yakifa, itakuwa hujayafikia."

Siwema alitoka akasimama mbele ya kitalu chake. Mbegu iliyong'atwa na panya ndiyo iliyokuwa imeota vizuri kuliko zote. Aliitazama muda, akaona uchungu, maana alijua anachokiacha pale ni kazi yake mwenyewe. Kisha akachukua sanduku la spana, akashika njia ya mtoni.

*

Tarehe ishirini na tisa Machi, saa tano asubuhi, pampu namba mbili ilikohoa mara mbili, ikatetemeka, ikanyonya. Siwema alikuwa amelala kifudifudi juu yake, sikio limebanwa kwenye chuma, akisikiliza. Aliposikia maji yanapanda aliketi chini kwenye tope akacheka peke yake, kisha akalia kidogo, kisha akafuta uso kwa tambara la grisi na kuharibu zaidi.

Bomba la kwenda ofisini lilipita mtaani, sokoni na kwenye zahanati, na maji hayakujua kwamba yameitwa kwa ajili ya malenge. Yalitoka kila mahali. Kwenye zahanati, mkunga alifungua bomba kwa mazoea tu, kama alivyofanya kila siku kabla ya kuanza kutafuta ndoo, likamrushia maji kifuani. Mtaani watu waliulizana kama uchaguzi umewahishwa. Bibi mmoja aliyafunga maji yake haraka, kwa kuogopa wenye nayo wasije wakagundua.

Siwema aliporudi ofisini siku ile alikuta bustani inang'aa kwa maji na watumishi wanapongezana. Mashina yake matatu yalikuwa vijiti vikavu. Mama Tabia alikuwa ameyafunika kwa kanga, kama afunikavyo mtu maiti.

*

Tathmini ilifanyika Juni, mwisho wa mwaka wa serikali, na Waziri alikuja mwenyewe. Meza zilipangwa ukumbini, kila mtumishi nyuma ya malenge yake, mizani katikati. La Bwana Chambuso lilikuwa kilo kumi na tisa. La dereva lilikuwa limefika ishirini na nne, lakini wiki moja kabla alikuwa ameandikiwa barua ya kujieleza kwa nini lenge lake linamzidi Mkurugenzi, basi akalila na familia yake, akaja na dogo, na kwenye fomu yake ikaandikwa, "Ana nidhamu."

Waziri aliingia, akapita mstari wa kwanza akitabasamu. Alipofika wa pili tabasamu likaanza kulegea.

"Mkurugenzi," alinong'ona, "mbona mmeniletea maboga?"

Bwana Chambuso, jasho likimtoka, alimpa waraka. Waziri aliusoma. Akaitazama saini. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaitambua. Ndipo alipokohoa, akakunja waraka, akaenda kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zangu watumishi! Kuna watu walidhani serikali yenu inatania. Tulisema malenge, na leo malenge ninayaona! Nani sasa atasema malenge ya serikali hayaonekani? Mwaka ujao nataka makubwa zaidi, na wiki ijayo, Jumatatu, nitakuja na wageni kutoka nje kujifunza kwetu!"

Makofi yalilia mpaka lenge moja likaanguka kutoka mezani. Waziri akaendelea kukagua, akafika kwenye meza tupu.

"Na huyu?"

"Fundi wetu wa majaribio, Mheshimiwa," alisema Bwana Fumbwe upesi. "Hakufikia."

Mbele ya Siwema kulikuwa na fomu tu, imejazwa sehemu moja, pale palipoandikwa, "Sababu ya kutofikia malenge." Waziri aliinama akasoma. Siwema alikuwa ameandika maneno mawili: "Nilikuwa kazini."

Waziri alisoma tena. Alimgeukia Bwana Fumbwe kutaka msaada, na Bwana Fumbwe alipekua orodha ya sababu zinazotambulika: ugonjwa, msiba, semina, safari ya kusindikiza kiongozi. Kazi haikuwamo.

"Katika miaka yangu ishirini na miwili," alisema Bwana Fumbwe kwa unyonge, "sababu hii sijawahi kukutana nayo."

"Basi fuateni kanuni," alisema Waziri, akaenda kunywa soda.

Kanuni ikafuatwa. Ijumaa Siwema alikabidhi spana, funguo na buti. Mama Tabia alizipokea ghalani, akaziandika kwenye leja huku machozi yakidondokea wino, maana lengo lake lilikuwa kutunza ghala lililopo na hakuwa na jingine la kufanya.

*

Jumatatu asubuhi dereva alitumwa kuiwasha pampu. Aliiwasha. Lakini pampu ile ilitaka kwanza ijazwe maji kwa kopo huku mtu akiisikiliza, na dereva hakujua aisikilize wapi. Ilipiga kelele moja ndefu ikanyamaza. Ilipotimu saa tatu mabomba ya ofisi yalikuwa yanatoa hewa, na Waziri na wageni wake walitarajiwa saa nane, na miche ya msimu mpya wa malenge, mkubwa zaidi, ilikuwa imepandwa Jumamosi mbele ya waandishi wa habari.

Saa nne gari la Mkurugenzi lilisimama mbele ya nyumba ya Siwema. Alikuwa uani anafua nguo, kwa maji ya akiba. Bwana Chambuso alishuka na bahasha, na nyuma yake dereva akashuka na malenge matatu kifuani.

"Binti, hongera," alisema Bwana Chambuso, kama mtu asiyejua kwamba kuna Ijumaa iliyopita. "Umethibitishwa."

Siwema alijifuta mikono, akafungua barua. Miaka mitano alikuwa ameisubiri. Ilikuwa na muhuri, ilikuwa na jina lake kamili, na ilisema kwamba Ndugu Siwema Mdachi amethibitishwa kazini baada ya kufikia malenge yote matatu.

"Haya ni ya nani?" aliuliza, akiyatazama malenge mikononi mwa dereva.

"Yako. Ni kielelezo, lazima yaambatishwe."

"Mheshimiwa, mimi sikupata hata moja. Mimi nilitengeneza pampu. Andikeni pampu."

Bwana Chambuso alimvuta pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, aliongea bila kutoa mwelekeo. "Siwema, nisikilize. Nikiandika pampu imetengenezwa, Waziri atauliza ilikuwa imeharibika lini. Nikimwambia lini, atauliza nani alikuwa Mkurugenzi. Unanielewa? Wewe unataka kazi yako. Mimi nataka yangu. Zahanati inataka maji sasa hivi. Hakuna anayetaka neno pampu."

Siwema alimfikiria mkunga na ndoo yake. Aliisoma barua mara nyingine, kwa hasira, na kwa furaha aliyoionea aibu, maana ilikuwa kazi yake na alikuwa ameipata. Mwishowe akaomba kalamu. Akatia saini juu ya boneti ya gari, akaingia nyuma peku, maana buti zake zilikuwa bado ghalani, na malenge yake matatu akayapakata mapajani mpaka mtoni.

Saa sita na nusu maji yalitoka. Wageni walipofika waliyakuta majani yamesimama, wakapiga picha nyingi.

Jalada la Siwema Mdachi lipo hadi leo katika kabati la Bwana Fumbwe, na anayetaka anaruhusiwa kulisoma. Lenge la kwanza, kilo nne. La pili, kilo sita. La tatu, kilo tano na robo. Chini yake kuna mstari mmoja uliojazwa kwa mwandiko mzuri wa Afisa Utumishi: "Kazi nyingine alizofanya katika mwaka: Hakuna."